Mbwa wetu alitoka ziwani akitapika maji, na asubuhi mkia ukaning'inia: je, tusimpeleke tena?

"Daktari, habari za kazi. Sisi ni familia ya watu wanne, tumetoka Kisumu na sasa tunaishi Kent, jimbo la Washington. Desemba iliyopita tulichukua mbwa, Labrado chotara, ambaye sasa ana miezi kumi na uzito wa kilo 24. Watoto wamempa jina la Simba. Jumamosi moja mwishoni mwa Mei, siku ya kwanza ya joto, tulimpeleka kwenye bustani ya mbwa ya Magnuson huko Seattle, ile inayofika hadi ziwani. Mwanzoni aliogopa maji, akabaki ufukoni akilia. Baadaye mwanangu akamrushia mpira wa tenisi, na tangu hapo hakutaka kutoka. Aliufuata na kuuleta kwa zaidi ya saa moja bila kupumzika. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma, akatapika maji matupu mara tatu, akatembea kama mlevi. Alikojoa sana njiani na jioni, akalala, akaamka mzima na kula, ila mkia ulikuwa umening'inia kama kamba iliyolowa, na alilia tulipougusa. Mama mkwe aliposikia kwa simu kwamba mbwa aliogopa maji kisha akayumba, alisema hicho ni kichaa cha mbwa. Jirani anasema ziwa lina mwani unaoua mbwa, na kwamba tungempa chumvi. Mume wangu anasema tuachane na ziwa, tumnunulie kinyunyizio cha kurusha maji uani, au tumpeleke kwenye bustani zenye chemchemi za maji ya bomba. Nimechanganyikiwa. Je, tulimdhuru? Na je, tusimpeleke tena?"

Dada yangu, pole kwa usiku huo, na pole zaidi kwa siku zilizofuata, kwa sababu najua jinsi mtu anavyokaa na swali la "tulimdhuru?" hata baada ya mbwa mwenyewe kusahau. Nimesoma barua yako mara mbili, na ninachokiona ndani yake ni mambo mawili tofauti yaliyompata Simba siku moja: moja ni dogo ingawa lilionekana la kutisha, na jingine ni kubwa ingawa lilipita haraka. La mkia ndilo dogo. La tumbo na kuyumba ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu, kwa kuwa nimeona mbwa waliofikwa na jambo hilo hilo wakaletwa kwangu wakiwa hawajitambui. Sijamshika Simba kwa mikono yangu, kwa hiyo nasema kwa kutegemea maelezo yako, ambayo kwa bahati njema ni ya mtu aliyeangalia vizuri.

Nianze na hofu ya mama mkwe, kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo nyepesi kuondoa. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumesikia tangu utotoni kwamba anayeogopa maji ana kichaa cha mbwa. Neno hilo lina ukweli, lakini ni ukweli unaomhusu binadamu aliyeng'atwa, ambaye misuli ya koo lake hukaza kwa maumivu anapojaribu kumeza, hadi kikombe cha maji kikawa kitisho. Mbwa mwenye kichaa kwa kawaida haogopi maji. Hubadilika tabia, hutokwa na udenda kwa kuwa taya na koo zimeanza kupooza, hudhoofika siku hadi siku na kufa ndani ya siku chache. Haamki asubuhi akala chakula chake kama alivyofanya Simba. Mbwa wa miezi kumi anayeliona ziwa kwa mara ya kwanza na kulia ufukoni ni mbwa mwenye tahadhari, basi. Hakikisha tu kwamba chanjo yake ya kichaa haijapitwa na wakati, kwa kuwa sheria ya Washington inaidai na popo wa jimbo hilo hubeba ugonjwa huo, kisha umpigie mama mkwe umtulize.

Mkia ulioning'inia kesho yake baada ya kuogelea ni jambo tunaloliona mara kwa mara kwa Labrado na kwa mbwa wa kuwinda. Mbwa anayeogelea huutumia mkia kama usukani, na misuli midogo iliyo ubavuni mwa shina la mkia hufanya kazi ambayo haijaizoea; huchoka, huvimba, na kwa kuwa imebanwa katika nafasi finyu, damu haipiti vizuri na maumivu huanza. Utaona wakati mwingine sentimita chache za mwanzo zimesimama sawa na mgongo, kisha mkia uliobaki unaanguka ghafla kana kwamba umekatika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliochapisha kazi yao mwaka 2016 kuhusu Labrado walikuta kwamba kuogelea kulihusiana na hali hiyo, na kwamba mbwa wa sehemu za kaskazini, kwenye baridi zaidi, waliipata zaidi. Hapo ndipo tarehe yako inaponieleza jambo: mwishoni mwa Mei hewa ya Seattle inaweza kuwa ya joto la kuvua sweta, huku maji ya Ziwa Washington yakiwa bado na baridi ya miezi iliyopita. Simba hakuwa amezoea kuogelea, maji yalikuwa ya baridi, na alifanya kazi kwa zaidi ya saa nzima. Mkia wa namna hii kwa kawaida huinuka wenyewe baada ya siku chache, mara chache huchukua hadi wiki mbili. Mpumzishe, mwekee matandiko laini, usimruhusu kuruka na kukimbia, na ikiwa bado analia, daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu ya mbwa. Tafadhali usimpe ibuprofeni wala paracetamol kutoka kabati lenu la dawa; ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na paracetamol huharibu ini, kwa vipimo ambavyo kwa mtu mzima ni vya kawaida kabisa.

Sasa nije kwenye tumbo. Mbwa hawezi kubeba mpira wa tenisi huku mdomo umefumbwa. Mwangalie akiuleta: taya zimebaki wazi kwa upana wa mpira, pua iko juu kidogo ya maji, na kila wimbi dogo linalopiga uso huingia pembeni mwa midomo. Mengine hutoka, mengine humezwa. Mara moja si kitu. Mara sitini, kwa mbwa asiyejua bado kuogelea na ambaye kwa hiyo huinamisha kichwa na kupiga maji kwa fujo, ni lita nyingi zilizoingia tumboni bila kiu wala nia ya kunywa. Tumbo lililojaa kama ngoma lilikuwa limejaa maji ya ziwa.

Maji hayo yakishafyonzwa huenda kwenye damu. Damu ya mbwa ina sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ya takriban milimoli 140 hadi 150 kwa lita, na mwili huulinda mpaka huo kwa ukali kwa sababu sodiamu ndiyo inayoamua maji yakae wapi. Damu ikizimuliwa kwa ghafla, maji huanza kuihama na kuingia ndani ya seli, ambako chumvichumvi sasa ni nyingi kuliko nje. Seli huvimba. Kwenye misuli au ngozi kuvimba huko hakuleti msiba, kwa kuwa kuna nafasi ya kutanuka. Lakini ubongo umo ndani ya fuvu, na fuvu halitanuki. Dalili ya kwanza ya ubongo unaobanwa ni ile uliyoiona: kuyumba kama mlevi. Zinazofuata, ambazo Simba hakufika, ni macho yanayotazama bila kuona, mboni zilizotanuka, fizi zilizopauka, udenda mwingi, degedege, na kupoteza fahamu. Kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho si lazima zipite saa nyingi. Figo zake changa zilifanya kazi nzuri, na ule mkojo mwingi uliowakera ndani ya gari ndio uliomwokoa.

Nina wajibu wa kukuambia kwamba kuyumba na kutapika kuna sababu nyingine pia. Bangi ni halali Washington kwa watu wazima tangu kura ya mwaka 2012, na mabaki yake pamoja na vitafunwa vilivyotiwa bangi huokotwa na mbwa katika bustani kila wiki. Mbwa huyo huyumba, hushtuka ovyo na hujikojolea, lakini hali hiyo mara nyingi huendelea hadi kesho yake, na haianzi na tumbo lililojaa maji. Kuna pia tumbo linalojaa hewa na kujipinda, ambalo huua mbwa wakubwa haraka: tofauti yake ni kwamba mbwa hujikamua kutapika na hakuna kinachotoka isipokuwa povu. Simba alitoa maji matupu, akakojoa, akapona ndani ya saa chache, na yote yalianza baada ya kuufuata na kuuleta mpira majini kwa zaidi ya saa moja. Naamini ni maji. Lakini siku nyingine ukiona tumbo limevimba na mbwa hawezi kutapika, usikae kubahatisha kama nilivyokaa mimi hapa na barua yako; kimbia.

Ushauri wa jirani kuhusu chumvi unatoka mahali pazuri, kwa sababu ni kweli kwamba sodiamu imepungua. Hata hivyo usimpe mbwa chumvi kwa mdomo kamwe. Huwezi kupima nyumbani imepungua kiasi gani, kijiko kikizidi unamletea sumu ya chumvi ambayo nayo huleta degedege, na hata sisi hospitalini, tukiwa na kipimo cha damu mkononi, huirudisha sodiamu taratibu kwa saa nyingi, kwa sababu kuipandisha kwa kasi huuharibu ubongo kwa namna nyingine.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na mume wako, kwa heshima. Mbwa aliyekaribia kufa kwa maji kuliko wote niliowahi kumtibu hakutoka ziwani. Alikuwa mbwa mdogo wa kilo sita, ambaye mchana mmoja wa joto aliruhusiwa kucheza na bomba la kumwagilia bustani uani kwao: mtoto alishika bomba, mbwa akayauma maji kwa furaha, maji yakaingia kwa kasi moja kwa moja kooni, na watu wote wakacheka na kupiga picha. Alipoletwa, manyoya ya kifua bado yalikuwa yanadondosha maji kwenye meza yangu, na macho yake yalikuwa wazi lakini kidole changu kilipokaribia hakupepesa. Alipona baada ya siku mbili za dripu na uangalizi. Vinyunyizio na chemchemi zinazorusha maji juu huvuta silika ya mbwa ya kuuma kile kinachotembea, na maji yenye msukumo hujaza tumbo upesi kuliko ziwa, hasa kwa mbwa mdogo. Kama mnataka maji uani, beseni pana lenye maji ya kufika magotini mwa mbwa ni salama zaidi kuliko kitu chochote kinachorusha maji.

Bustani zenye chemchemi na vijibwawa vya maji ya bomba zina faida yake: hakuna mwani, hakuna kina, na klorini ya kiasi cha kawaida haimdhuru mbwa. Lakini mahali ambapo maji yale yale huzungushwa, au ambapo mbwa ishirini wanakunywa kwenye beseni moja tangu asubuhi, jiadia husambaa vizuri sana. Ni kijidudu cha utumbo kinachovumilia klorini kuliko bakteria wengi, na huleta kuhara laini kwenye harufu mbaya, kunakokuja na kuondoka kwa wiki. Kipimo cha kinyesi hukitambua na dawa zipo. Chukua maji yenu kwenye chupa na bakuli lenu, na mpe Simba anywe kabla ya kuingia ndani, ili asiwe na kiu.

Kuhusu mwani, jirani yako ana haki kabisa, ingawa si kwa siku ile. Wewe uliyekulia Kisumu huhitaji nikueleze sana, kwa kuwa umeyaona maji ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria yakigeuka kijani kizito kama rangi ya kupaka nyumba. Viumbe hao hao, ambao kwa kweli ni bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea, wamo pia katika maziwa ya Washington. Huongezeka maji yanapopata joto, yanapotulia, na yanapopata fosforasi kutoka mbolea na uchafu. Kwa hiyo hatari hupanda kuanzia katikati ya kiangazi na huko magharibi mwa jimbo inaweza kuendelea hadi vuli, wakati watu wengi wameshaacha kufikiria mwani. Upepo husukuma utando wake hadi ufukoni na kuurundika kwenye kona, yaani pale pale mbwa wanapoingilia majini. Baadhi hutoa sumu inayoharibu ini, ambayo dalili zake huchukua saa kadhaa hata siku: kutapika, fizi kuwa za njano, kuharisha damu. Baadhi hutoa sumu ya mishipa ya fahamu, na hiyo inaweza kumwangusha mbwa ndani ya dakika chache: kutetemeka, kukakamaa, kushindwa kupumua. Hakuna dawa ya kuziondoa sumu hizo. Tunachofanya ni kuutegemeza mwili mpaka zitoke. Na mbwa hata asipokunywa, akitoka atayalamba manyoya yake, na hapo ndipo wengi huzimeza.

Kwa jicho huwezi kujua kama mwani una sumu, ila unaweza kujua kama uko. Chukua kijiti, ukiingize kwenye kile cha kijani na ukiinue. Kikitoka na nyuzi ndefu zinazoning'inia kama nywele au pamba iliyolowa, mara nyingi huo ni mwani wa kawaida usio na sumu. Kikitoka kimepakwa kama rangi, au maji yakionekana kama mchuzi wa njegere, au kuna utando wenye mistari ya kijani na buluu ukingoni, rudini kwenye gari. Kaunti ya King hupima fukwe za kuogelea kila wiki wakati wa kiangazi, kwa bakteria wa kinyesi na kwa sumu za mwani, na hutangaza matokeo. Yasome asubuhi kabla ya kufunga safari, lakini bado utazame maji mwenyewe, kwa kuwa upepo wa usiku mmoja huweza kubadilisha ufuko. Akiingia kwa bahati mbaya, mwoshe papo hapo kwa maji safi ukivaa glavu, mzuie kujilamba, na mpigie daktari simu mkiwa njiani, hata kama bado anaonekana mzima.

Umeniuliza kuhusu ziwa, lakini nina hakika mtu atawashauri mwende Marymoor kule Redmond, bustani ya ekari 40 inayopakana na Mto Sammamish, ambako mbwa huingia mtoni kwa sehemu kadhaa. Ni mahali pazuri, maji yake huenda polepole, na mimi mwenyewe huwaelekeza watu huko. Kuna jambo moja tu ambalo mtu aliyetoka kwetu hawezi kulijua mpaka aambiwe. Kuanzia Septemba samaki aina ya samoni hupanda mto huo kwenda kutaga na kufa, na mizoga yao hubaki kingoni. Ndani ya nyama ya samoni wa pwani hiyo huweza kuwamo minyoo bapa wadogo sana, waliotoka kwa konokono wa mtoni, na ndani ya minyoo hao kuna bakteria. Mtu akila samaki huyo akiwa ameiva hapati chochote, paka hapati, mbwa anayekula akiwa mbichi huweza kupata homa kali, kutapika, kuhara damu na kuvimba tezi takriban wiki moja baadaye, na asipotibiwa mara nyingi hufa ndani ya wiki mbili. Kinachouma ni kwamba dawa yake ni rahisi na inapatikana, antibiotiki ya kawaida pamoja na dawa ya minyoo, mradi tu daktari aambiwe: "alikuwa mtoni, huenda alikula samaki mbichi." Kwa hiyo kuanzia Septemba hadi mizoga iishe, mtoni mwende naye akiwa kwenye kamba, au msiende. Jambo hilo linahusu pia kichwa cha samoni anachotupiwa jikoni. Huko kwetu mbwa hutupiwa kichwa cha samaki bila wasiwasi. Washington usimpe mpaka kiive.

Ugonjwa mwingine wa maji mtausikia ukitajwa kwa jina la leptospirosisi. Ndugu zetu wa Tanzania waliujua kwa jina jipya Julai 2022, ulipozuka Ruangwa, mkoani Lindi, ukaua watu watatu na kuitwa homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyamapori wengine, na huishi kwenye maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu. Huharibu figo na ini la mbwa, na mbwa mgonjwa anaweza kuwaambukiza watu kwa mkojo wake, jambo linalonifanya nilisisitize kwenye nyumba yenye watoto. Chanjo ipo: sindano mbili kwa kupishana wiki mbili hadi nne, kisha moja kila mwaka. Miaka ya karibuni wataalamu wa Marekani wameacha kuihesabu kuwa chanjo ya mbwa wa mashambani pekee, na wanaipendekeza kwa mbwa wote. Kwa mbwa anayeingia ziwani, kwangu mimi haina mjadala.

Basi, je, msimpeleke tena? Mpelekeni. Mbwa wa aina yake aliyeanza kulipenda maji ana furaha na mazoezi ambayo barabara za Kent haziwezi kumpa, na ufuko wa Magnuson ndio pekee ndani ya jiji la Seattle ambapo mbwa anaruhusiwa kuingia ziwani akiwa huru. Hatari niliyoieleza kwa urefu zaidi ndiyo iliyo rahisi zaidi kuizuia. Mpira wa tenisi ubaki nyumbani. Nunueni kitu bapa cha kuelea, cha kitambaa au mpira laini, ambacho anaweza kukifumbata kwa midomo karibu kufunga. Dakika kumi majini, kisha atoke, afungwe kamba, atembezwe nchi kavu kwa dakika kumi nyingine na kukojoa. Mizunguko mitatu ya namna hiyo yatosha kwa siku, na maji yakiwa ya baridi, miwili. Kazi ya kuhesabu dakika mpeni yule mwanao aliyerusha mpira, kwa sababu nashuku naye amekuwa akijilaumu kimyakimya. Mwambieni kwamba watu wazima wengi hawalijui jambo hili, na kwamba mwenye saa ndiye mkubwa wa safari.

Usiamini pia wanaosema kila mbwa huzaliwa anajua kuogelea. Wengi huchapua miguu ya mbele tu huku nyuma ikizama, na wenye pua fupi na kifua kizito huenda chini kabisa. Simba atajifunza, lakini kwa siku za mwanzo mvalisheni jaketi la kuelea lenye mshikio mgongoni. Atalala sawa juu ya maji, atainua kichwa, na atameza kidogo. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi mkiweza, kwani mwishoni mwa wiki mbwa hugombania vitu majini na mbwa mchanga hupandwa mgongoni na wakubwa. Mkitoka, mwoshe kwa maji safi, kausha masikio kwa kitambaa laini bila kuingiza vijiti vya pamba ndani, na uyanuse baada ya siku mbili: harufu ya chachu au kutikisa kichwa kila mara ni maambukizi yanayoanza.

Siku yoyote atakayoyumba tena, atakayotapika maji zaidi ya mara moja, au macho yake yakatulia bila kuona, msingoje kuona kama kukojoa kutamsaidia kama safari ile. Nendeni moja kwa moja kwenye hospitali ya wanyama ya dharura, inayofunguliwa usiku na mchana, na semeni mlangoni: "Amecheza kwenye maji kwa muda fulani, tunahofia amemeza mengi, mpimeni sodiamu." Maneno hayo huokoa nusu saa ya kutafuta sababu. Vivyo hivyo kama alipaliwa au alizama hata kidogo kisha akaonekana mzima: hesabuni pumzi zake akiwa amelala, na zikizidi thelathini kwa dakika au akianza kukohoa ndani ya siku mbili au tatu, huenda maji yaliingia mapafuni.

Kwa wiki hii, mpelekeni kwa daktari wenu wa kawaida bila haraka ya dharura. Auguse mkia kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika, kwa kuwa katika bustani yenye mbwa wengi hilo nalo linawezekana. Mwende siku hiyo hiyo ikiwa kuna jeraha, miguu ya nyuma ina udhaifu, au hawezi kwenda haja. Apime kinyesi na aanze chanjo ya homa ya mgunda, kisha mkae nchi kavu hadi wiki mbili hivi baada ya sindano ya pili. Pigeni leo video ya anavyotembea, kutoka ubavuni na kutoka nyuma, kwa sababu siku ya miadi ikifika huenda mkia umeshainuka, na daktari hatakuwa na kitu cha kuona isipokuwa mbwa anayeutikisa.